Mama Yuko Hewani

Ndugu zangu na majirani, kaeni kidogo niwasimulie yaliyoikuta nyumba moja ninayoijua vizuri, maana ukuta wa uani kwao ndio ukuta wa uani kwangu. Mwenye kisa amenipa ruhusa. "Waambie," alisema, "huenda mmoja akasikia." Kisha akarudi ndani taratibu, kama mtu aliyetua mzigo na mikono bado inamuuma.

Nyumbani walibaki watu wazima watatu, kwani binti yao alikuwa shule ya bweni. Mume ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Mke anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate. Yeye ndiye anayepokea oda za maduka na kupanga gari lipite wapi. Chumba cha nyuma aliishi mama yake mzazi, mshonaji mstaafu, aliyeshona sare za wanafunzi tangu ujana wake hadi vidole vikapinda kidogo kwa kufuata mkasi.

Jioni zao zilikuwa tulivu. Fundi ataosha mikono kwa sabuni ya unga ili grisi itoke, mkewe atakuwa anamenya viazi, na mama ameshika ovaroli la mkwewe anashikiza kifungo.

"Mkwe wangu," atasema, "hivi wewe unayatengeneza hayo mafriji au unapigana nayo? Vifungo havikai."

Fundi hucheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Mke naye ataongeza lake kuhusu dereva wa gari la mikate, na hapo hata mimi nilicheka upande wangu wa ukuta.

Kisha mwenye kiwanda akaamua oda zote zipitie kwenye ujumbe wa simu. Hakuna tena kupiga wala kuja dirishani. Wenye maduka waandike kwenye grupu, na huyu mke wa fundi ajibu. Akajibu. Tatizo lake ni kwamba alijibu upesi. Mtu anayejibu upesi siku hizi ni kama bomba lenye maji katika mtaa mkavu: kila mtu anakuja na ndoo. Wazazi wa darasa la binti yake wakafungua grupu, wakampa ausimamie. Mtaa ukafungua la usafi, akapewa. Likaja la waliosoma pamoja, likaja la misiba, likaja la kamati ya harusi ya kijana ambaye hata hakumjua ni mtoto wa nani. Tukaanza kumwita Katibu. Mwanzoni tulikuwa tunatania.

Msidhani alikuwa anastarehe. Wengi tukimwona mtu kainamia simu tunadhani anacheza. Siku moja tulikuwa tunaanika nguo, akaniambia:

"Jirani, sijui nimechoka na nini. Sijalima, sijabeba zege, lakini nikikaa chini mwili wote umekatika. Nikiwajibu hawa, wale wananiuliza mbona kimya. Nikizima data, nikija kuwasha jumbe zinaingia zote kwa mkupuo, simu inatetemeka kama ina homa. Na nikishaizoea wanaibadilisha, kitufe kilichokuwa huku kimehamia kule, naanza upya kama mtoto wa chekechea."

"Si ujitoe kwenye baadhi?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia apunguze kupumua. "Nikijitoa watasema najidai."

Hata wakati tunazungumza hivyo, kidole chake kilikuwa kinaandika.

Katika hayo yote lilikuwapo grupu moja alilolipenda kwa dhati, la ukoo wao. Kaka yake anayeishi mji mwingine ndiye aliyelifungua, akamtumia mama simu ili naye awemo. Siku za mwanzo mama aliwatumia maneno ya sauti marefu, akisalimia mmoja mmoja, akimuuliza mke wa kaka huyo kama lile jino limeacha kuuma. Baadaye akapunguza. Mwishowe kila asubuhi akawa anatuma picha ya ua jekundu, basi. Likiingia, kaka anaandika, "Mama yuko hewani, tumshukuru Mungu," wengine wanaweka mikono ya sala, na kila mmoja anaendelea na kazi zake akiwa ametulia moyoni.

Katibu naye alimsalimia mama yake humo humo. Naomba mnielewe: chumba cha mama kipo hatua chache kutoka chumba chake. Lakini asubuhi simu ilikuwa tayari mkononi, oda zinamiminika, na kuandika "Shikamoo mama, umeamkaje" kulikuwa kwepesi kuliko kunyanyuka. Akiona ua limeingia, anajua mama kaamka salama. Anapita mlangoni kwake akiwa amebeba mkoba, anaelekea kazini.

Sasa mama alikuwa anaanza kubadilika. Alijigonga bega kwenye fremu ya mlango, mara hii na mara nyingine. Vikombe vikaanza kuvunjika. Alimimina chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu mezani, naye akaifuta haraka kwa kanga kabla hajaonekana. Akaacha kushona. Fundi alikuja na ovaroli, mama akasema, "Niwekee hapo, baba, nitaliona kesho," na ovaroli likakaa hapo hadi fundi akalishikiza mwenyewe kwa waya. Aliliona jambo lile, lakini yeye ni mtu wa kunyamaza. Akadhani mama amechoka na ushonaji.

Siku moja mama akajikaza, akaenda sebuleni.

"Mwanangu, nina neno."

"Sema mama, nakusikiliza." Macho yapo kwenye simu.

"Haya macho yananisumbua. Ni kama natazama ndani ya bomba. Cha mbele nakiona, cha pembeni kimefungwa."

"Pole mama. Ni miwani hiyo. Ngoja nimalizie hii oda, tutaliangalia."

Mama akasimama kidogo, akingoja. Kisha akarudi chumbani akipapasa ukuta, na binti yake hakuona kwamba anapapasa.

Nisimwonee, hakulipuuza. Alifanya lile alilolizoea: aliandika kwenye grupu la ukoo kwamba mama anasumbuliwa na macho. Lo, majibu yalivyomiminika. Pole zikaja kwa wingi. Mmoja akasema karoti. Mwingine akaleta video ya mtu aliyevaa koti jeupe anayezuia watu wasile sukari. Wifi yake akasema anamjua mama fulani anayeuza matone mazuri sana mtandaoni, akayaagiza, yakaletwa, mama akawa anatiwa matone. Kaka akaandika, "Nimeona. Tulifanyie kazi jambo hili." Wote wakakubali lifanyiwe kazi. Kila mmoja akaona limezungumzwa kwa mapana, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye atakayempeleka mama hospitali. Kisha likaingia tangazo la harusi, na macho ya mama yakapanda juu, juu, mpaka yakatoweka kwenye kioo.

Miezi ikapita hivyo. Ua likaendelea kuingia kila asubuhi.

Siku ya tukio Katibu alikuwa mapumzikoni, yuko sebuleni. Kamati ya harusi ilikuwa na kikao kwa simu, kila mtu anaongea kutoka alipo, naye ndiye anayeandika maazimio. Mama akatoka kwenda uani kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Mfereji wa maji machafu pembeni mwa kamba ulikuwa umefunuliwa ili uzibuliwe, na jambo hilo lilikuwa limetangazwa vizuri kabisa kwenye grupu la mtaa. Mguu wa mama ukazama.

Mimi sikuwepo. Aliyemkuta ni fundi, akirudi kutoka kazini. Alimkuta amekaa kwenye ukingo wa mfereji, mguu mmoja umepinda vibaya, nguo alizoanua amezipakata mapajani ili zisichafuke. Mvua ilikuwa imeshanyesha na kuacha.

"Mama, umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya mvua, baba."

"Na hukumwita mwanao huko ndani?"

"Nimemwita. Akasema anakuja, anamalizia."

Alimbeba mama mkwe wake mikononi, akapita naye sebuleni, maji machafu yakidondoka juu ya zulia. Katibu akanyanyua uso. Ananiambia hadi leo haikumbuki ile ajenda waliyokuwa nayo. Anachokumbuka ni sauti ya mwenyekiti ikiendelea kusema kutoka kwenye simu aliyoiacha kitini, "Katibu, upo? Katibu, umeliandika hilo?"

Hospitalini mguu ulifungwa plasta. Lakini daktari aliyekuwa anamhudumia alimwona mama akihangaika kukitafuta kikombe cha maji kilichokuwa kando yake, akamwita mwenzake wa macho. Wakampima. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole wenyewe ndio ulioumiza.

"Ni presha ya macho," alisema. "Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia limebaki na tundu dogo la kuonea. Tutajitahidi kulilinda lisiendelee kuzama. Ila kilichoondoka hakirudi. Laiti angeletwa alipoanza kulalamika, tungeokoa sehemu kubwa. Mama anaishi na nani?"

"Na mimi," Katibu akajibu.

Daktari aliandika. Katibu anasema angependa kama angegombezwa.

Walipobaki wawili, alikaa kando ya kitanda. Simu ilikuwa kwenye mkoba, inanguruma na kunyamaza, inanguruma na kunyamaza.

"Mama, mbona kila asubuhi ulikuwa unatujibu? Ulikuwa unatuma ua."

"Lile ua?" Mama akatabasamu kidogo, uso ukielekea dirishani, si alipo mwanawe. "Lile najua linapokaa. Nikigusa chini pale kwenye kona, linakwenda. Mlichoandika sijakisoma siku nyingi, mwanangu. Herufi zimekuwa sisimizi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Halafu nikaona mkilipata mnafurahi. Nikasema, basi, angalau hilo naliweza."

Katibu alilia, lakini kwa kuinamisha kichwa tu, kwani wodi ilikuwa na watu. Mama akaunyoosha mkono kumpapasa kichwani, ukaangukia kwenye mto. Ikabidi mwana ausogeze mwenyewe.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Hakikunyooka. Katibu alijitoa kwenye magrupu karibu yote, na wapo waliosema anaringa, tena baadhi yao wanakaa mtaa huu huu na sasa hivi wananisikia. Kamati ya harusi haijamsamehe. Kazini alimwambia mwenye kiwanda kwamba akishatoka, ametoka. Mwenye kiwanda akanuna, akampa mtu mwingine oda, naye akahamishiwa kwenye kufunga mikate katika mifuko. Ni kazi ya kusimama kutwa nzima na mshahara umepungua. Anasema miguu inamuuma, ila ni maumivu anayoyajua yametoka wapi.

Kaka yake alikuja. Alikuwa hajafika nyumbani miaka mingi, na alipoingia akasimama karibu na mama, akatabasamu, akangoja. Mama naye akauliza, "Nani huyo?" Alikuwa amesimama upande wa kushoto, wa lile jicho lililokufa. Mwanamume mzima yule akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, na fundi akamfuata, akakaa naye.

Mama anatembea sasa, kwa fimbo na kwa kushikwa mkono. Matone ya hospitali anatiwa na Katibu mwenyewe, asubuhi na jioni. Juzi nilikuwa kwao. Mama alikuwa anamuuliza mwanawe vitu vidogo vidogo: mvua imeacha madoa ukutani? Yule paka wa jirani amenenepa? Katibu anajibu kimoja kimoja, kwa sauti ya mtu aliyechoka, lakini anajibu akiwa ameketi, mikono mitupu. Mara moja tu nilimwona macho yakitafuta juu ya kabati, simu inapowekwa siku hizi. Akayarudisha.

FUNZO

Sisemi tutupe simu. Mimi mwenyewe ninayo, na bila hiyo nisingejua mwanangu amefika salama alikokwenda. Nasema tumejidanganya kwamba kumwona mtu yuko hewani ni sawa na kumwona. Mama yule alikuwa anaonekana kila siku na watoto wake wote, na katika kuonekana kwake huko alipofuka macho yao yakiwa wazi.

Nasema pia kwamba uchovu huu si wa kujivunia. Tunawajibu watu mia, tunamaliza nguvu zetu zote kwao, na anayetuita kwa mdomo ndani ya nyumba tunambakishia "nakuja, namalizia." Tukubali kwamba hatuwezi kuzijibu jumbe zote. Hazimaliziki. Atakayenuna na anune.

Na ugonjwa wa mzazi usiishie kuzungumzwa kwenye grupu. Aandikwe jina mtu mmoja atakayemshika mkono ampeleke hospitali, na siku ya kwenda itajwe. Kama hapatikani, basi ni wewe uliyesoma.

Mtu wa nyumbani mwako akikuita, simama uende. Hata kama anakuitia kukwambia chumvi imekwisha.