Fomu ya Dada

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia karakana ya baba yake kabla wateja hawajaanza kuingia. Baba alikuwa seremala, na maranda ya wiki nzima yalimfika Chiriku vifundoni. Aliyasukuma kwa ufagio huku akisimulia vituko vyote vya darasa la sita. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Mdomo wake, mama alizoea kusema, haukuwa na pazia.

Jumamosi hiyo alifagia kimya. Alikuwa na siri. Siku ya Jumatatu dada yake mkubwa alijaza fomu ya kuomba chuo kwenye simu, wakiwa wawili tu chumbani. Baba alikuwa ameagiza achague famasia. Dada akaandika sayansi ya udongo, akaituma, kisha akamwapisha Chiriku asimwambie mtu.

Tangu siku hiyo baba hakuacha kuwaambia wateja, "Binti yangu atakuwa mfamasia. Kazi yenye mshahara wa maana." Kila aliposema hivyo, Chiriku alihisi kama amekalia siafu.

Baba aliweka randa chini, akajinyoosha huku mkono mmoja ukishika kiuno. Mgongo ulimsumbua tangu alipoanguka akiezeka paa.

"Maombi yanafungwa leo saa sita mchana," alisema. "Nikimuuliza dada yako habari za fomu, anakimbilia kuosha vyombo. Alijaza famasia, sivyo?"

Chiriku aliacha kufagia. "Ndiyo" lingekuwa uongo. "Hapana" lingekuwa kuvunja kiapo.

"Baba, siwezi kukudanganya," alisema mwishowe. "Na nilimwahidi dada sitasema. Tafadhali muulize mwenyewe."

Baba alijifuta mikono, akavuka ua kuelekea nyumbani. Chiriku alimfuata, roho mkononi.

Dada alikuwa jikoni na mama. Alipouona uso wa baba, hakungoja swali.

"Niliandika sayansi ya udongo."

"Udongo," baba alirudia polepole. "Nimekusomesha miaka yote hii ili ukasomee kitu tunachokikanyaga?"

"Niliogopa kukwambia, baba. Nilijua utakataa."

"Ukaniacha nitangaze uongo kwa watu wazima wenzangu."

Dada aliinamisha kichwa. Kisha akachukua simu yake na kuiweka mezani mbele ya baba.

"Fomu bado inaweza kubadilishwa. Nywila ya kuifungua nimekwisha kuiandika. Ukiweka famasia, nitakwenda na nitajitahidi. Ila naomba unisikilize kwanza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo. Mama alizima jiko. Baba alivuta kiti, akakaa.

"Kazi yake ni ipi? Na mshahara?"

"Ni mdogo kuliko wa mfamasia, hasa mwanzoni," dada alijibu. "Nilikwenda mara mbili kumwona mtaalamu wa maabara ya kilimo, na hakunificha. Wakulima humpelekea udongo apime. Wajenzi nao humtafuta kabla ya kuchimba msingi. Alisema kazi zipo kwa anayejituma, lakini hakuniahidi chochote."

"Na mgongo huu ukigoma kabisa, nani atamsomesha huyu?" Baba alimwonyesha Chiriku kwa kidole.

Chiriku alishtuka. Hakuwahi kufikiri kwamba hofu ya baba ilimhusu yeye.

"Mimi," dada alisema kwa sauti ya chini. "Na nitaweza zaidi kwa kazi ninayoipenda, maana hiyo sitaitegea."

Baba aliichukua simu, akaifungua fomu. Kidole gumba chake kilisimama juu ya kioo, kikakaa hapo muda mrefu.

"Hapa pana chaguo la pili," alisema. "Mbona tupu?"

"Sikujua niweke nini."

"Weka famasia. La kwanza libaki lilivyo."

Dada aliandika, akatuma. Ikabaki nusu saa kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Chiriku alishusha pumzi kama aliyetua gunia.

Ndipo mama akasema. "Baba watoto, uliamuru kabla ya kuuliza. Nawe mwanangu, ulikuwa na majibu mazuri ukayaficha kama kitu cha wizi. Mtu kupenda anachosoma si upuuzi, na kufikiria riziki si tamaa. Lakini havipatani gizani. Viwekwe mezani, na ukweli wote, hata ule wa mshahara mdogo. Leo huyu mdogo ndiye aliyetuonyesha njia, maana hakudanganya wala hakusaliti."

Baba aliitikia kwa kichwa. Akasimama taratibu akishikilia meza, akamgeukia dada.

"Jumatatu nipeleke kwa huyo mtaalamu wa maabara," alisema. "Na mimi nina maswali yangu."