Kitambaa Chekundu Kwenye Tuta

Mume wangu watu wanamwita Manyunyu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu ya bomba lake la kupulizia dawa ya wadudu. Kila Jumapili jioni alilibeba mgongoni, akaingia bustanini, akaanza kazi. Fsss, fsss, fsss! Hakuna jani lililopona. Hata ndala zangu zilizoanikwa ukutani zilipata sehemu yao.

Mimi wananiita Mama Pacha. Tuna mabinti wawili mapacha, wakubwa sasa, wenye midomo mirefu kama mama yao. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi. Nyuma ya nyumba tuna bustani, na bustani hiyo ndiyo inayotulisha. Tunalima spinachi.

Spinachi haing'olewi. Unachuma majani ya nje, yale ya ndani unayaacha yakue. Kesho unarudi tena. Kila asubuhi mimi na pacha tulipita matuta yote, kuanzia ukutani mpaka kwenye tangi la maji. Bibi aliketi mlangoni akifunga mafungu. Manyunyu aliyapakia kwenye toroli na kuyapeleka kwenye jiko la hospitali. Hospitali ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa. Bila jiko lile, sisi hatuna pa kushika.

Na mboga zetu zilipendeza, jamani! Hakuna tundu hata moja. Mpishi mkuu wa hospitali, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani, alikuwa akimtania mume wangu kila siku.

"Manyunyu, hizi mboga umezipiga pasi?"

"Mboga zangu ni za watu wanaojua vitu vizuri," alijibu, kifua mbele.

Asubuhi moja nilienda naye. Jikoni tulimkuta mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe. Alikuwa mkaguzi wa chakula. Alitusalimu kwa heshima, kisha akavaa glavu. Alichukua majani kutoka fungu la juu, la chini na la katikati. Akayatia kwenye mfuko safi, akaufunga, akaubandika alama, akauweka kwenye kisanduku chenye barafu.

"Kwani kuna mwizi hapa?" Manyunyu aliuliza.

"Hakuna, Mzee," mkaguzi alicheka. "Tunapima masalia ya dawa. Ukipuliza dawa ya wadudu, kiasi fulani hubaki kwenye mboga. Kikibaki kidogo sana, si tatizo. Kikizidi kiwango kinachoruhusiwa, kinaweza kumdhuru mlaji. Kwa hiyo tunachukua sampuli sokoni, mashambani na kwenye majiko kama hili. Maabara ndiyo inayotuambia."

"Pimeni!" mume wangu alisema. "Pimeni mpaka mchoke. Mboga safi kuliko hizi mtazipata wapi?"

Tulirudi nyumbani tukicheka.

Siku mkaguzi alipokuja kwetu, hatukucheka. Alimsalimu Bibi, "Shikamoo, Bibi," akaketi kwenye kigoda, akasema polepole. Masalia ya dawa kwenye spinachi yetu yalikuwa yamezidi kiwango. Tena yamezidi sana. Jiko la hospitali lilikuwa limesimamisha kuchukua mboga zetu.

"Nitarudi kuchukua sampuli nyingine, hapa hapa bustanini," alisema. "Ikiwa salama, mtaendelea. Ikizidi tena, nafasi yenu atapewa mkulima mwingine."

Manyunyu alisimama, akakimbilia bustanini, akarudi na jani kubwa la spinachi. Alilisuuza kwenye ndoo.

"Tazama, binti! Nalila mbele yako. Nikianguka, unizike!"

"Usile, Mzee," mkaguzi alisema. "Lakini hata ukila, huenda usianguke. Hapo ndipo tunapodanganyika. Masalia hayaonekani kwa macho na mara nyingi hayana ladha wala harufu. Mtu anaweza kula leo, kesho na keshokutwa, asijue kinachoingia mwilini. Na wanaokula mboga zako hospitalini ni wagonjwa, wajawazito na watoto. Miili yao haina nguvu kama yako."

"Lakini nimeliosha!"

"Kuosha ni vizuri, na kila mtu aoshe mboga kwa maji safi yanayotiririka. Maji huondoa uchafu na kiasi cha dawa iliyo juu ya jani. Dawa iliyoingia ndani ya jani hayaiondoi."

Bibi aliacha kufunga mafungu. "Yaani mwanangu," alisema, "na mimi nazila hizi kila siku. Meno sina, ndiyo chakula changu."

Manyunyu aliliweka lile jani chini. Sijawahi kumwona mume wangu amenywea vile. Nilikuwa na hasira naye, na papo hapo nilimwonea huruma.

Mkaguzi aliomba kuiona chupa ya dawa. Pacha mmoja aliileta. Kibandiko chake kilikuwa kimejaa matope. Mkaguzi alikifuta kwa kitambaa.

"Mnapima kiasi gani?"

"Kizibo kimoja kwa bomba," Manyunyu alijibu. Akasita. "Halafu naongeza kidogo. Ya bahati."

"Wadudu hawajui bahati, Baba," pacha akadakia. Nilimkata jicho, ingawa alikuwa amesema kweli.

Mkaguzi aliweka kidole kwenye maandishi. "Soma hapa, Mama."

Nilisoma kwa sauti. "Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna: wiki moja."

"Mnapuliza lini?"

"Kila Jumapili," nilijibu.

"Na mnachuma lini?"

"Kila asubuhi."

"Matuta yapi?"

"Yote."

Mkaguzi alinitazama. "Sasa hiyo wiki moja, Mama Pacha, mnaisubiri lini?"

Nilihesabu siku kwa vidole. Wiki haikuwahi kupita hata mara moja! Dawa ilipigwa Jumapili, Jumatatu majani yakawa jikoni. Wiki ikitimia tu, Manyunyu yuleyule na bomba lake. Tulikuwa tunachuma mboga ambazo dawa yake haijapoa, mwaka mzima, huku tunajisifu.

"Muda wa kusubiri unaipa dawa nafasi ya kupungua," mkaguzi alieleza. "Kila dawa ina muda wake, na kila zao lina dawa zake. Soma kibandiko kila mara. Pima kwa kikombe cha kipimo, usiongeze hata tone. Vaa glavu, barakoa na mabuti. Na usipulize kwa sababu ni Jumapili. Puliza pale wadudu wanapozidi tu."

"Tutajuaje tuta lipi limesubiri na lipi bado?" Manyunyu aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Majani yote yanafanana."

Hapo nilipata wazo. "Tuyagawe," nilisema. "Matuta ya juu na matuta ya chini. Tukipuliza ya juu, tunachuma ya chini. Na lililopigwa dawa tuliwekee alama. Kijiti chenye kitambaa chekundu. Ukikiona, mkono mfukoni! Wiki ikipita, tunaweka cheupe."

"Kitambaa chekundu kitatoka wapi?" pacha wa pili aliuliza.

Bibi aliinuka. Aliingia chumbani kwake, akatoka na gauni jekundu la enzi za ujana wake. Lilikuwa gauni la maana, lenye marinda.

"Mama, hilo hapana," Manyunyu alisema.

"Kata," Bibi alisema. "Kiuno chenyewe hakiingii tena."

Nilikata. Siku hiyohiyo vitambaa vyekundu vilipepea kwenye matuta yote, maana hakuna hata moja lililokuwa salama. Hatukuuza jani. Hatukula jani. Majani yaliyozeeka tuliyachuma tukayafukia mbali na kisima. Manyunyu alikuwa akizunguka bustani mikono nyuma, anatazama spinachi kama mtu anayemtazama mtoto wake akiwa upande wa pili wa mto.

Muda ulipita, vyekundu vikashuka, vyeupe vikapanda. Mkaguzi akatuma ujumbe: anakuja keshokutwa.

Na wadudu nao wakaja! Jioni hiyo niliona vidukari, wale wadogo weusi wanaojazana chini ya jani. Walikuwa kwenye matuta yenye vitambaa vyeupe. Nilipogeuka, nikamwona Manyunyu ana bomba mgongoni.

"Kidogo tu, Mama Pacha," aliniomba. "Pembezoni tu. Mkaguzi akija akute mboga zinapendeza."

Nilisukuma toroli mbele ya tuta, nikaketi juu yake.

"Leo utaanza kunipulizia mimi!"

"Na mimi," Bibi aliita kutoka mlangoni. "Nipe tu dakika nifike."

Pacha nao wakaja wakasimama kando yangu. Manyunyu alitutazama mmoja mmoja. Kisha akalitua bomba chini, akacheka kidogo, cheko la aibu.

"Haya, nimeshindwa. Tufanyeje sasa?"

"Tuna vidole," nilisema.

Tuliinama. Tuligeuza jani moja moja, tukawaponda vidukari kwa vidole, waliobaki tukawaosha kwa maji ya kopo. Majani yaliyoharibika tuliyaondoa. Viganja vyetu viligeuka kijani. Migongo iliuma. Wa mwisho kutoka bustanini alikuwa Manyunyu mwenyewe, na hakuacha kupekua mpaka jani la mwisho.

Mkaguzi alipofika, alikuta vitambaa vyeupe kwenye matuta yote. Majani mengine yalikuwa na matundu. Manyunyu alijaribu kuyaficha kwa kiganja.

"Usijali, Mzee," mkaguzi alisema. "Tundu halisemi mboga ni mbaya, na kukosa tundu hakusemi ni salama. Atakayesema ni maabara."

Akachukua sampuli yake, akaondoka nayo kwenye barafu. Sisi tukabaki tunasubiri. Kila simu ilipolia, tuliruka. Mara mbili alikuwa wifi yangu, mpaka nikamwambia asipige tena kwa muda.

Kisha simu yenyewe ikalia. Niliiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mama Pacha," mkaguzi alisema, "masalia yako chini ya kiwango. Chini kabisa. Hongereni sana!"

Lo! Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Pacha walimkumbatia Bibi, nusura wamwangushe. Manyunyu alilibeba bomba lake, tupu, akacheza nalo kuzunguka tangi la maji. Alikuwa analia na kucheka, na hakujificha.

Siku hizi tunapuliza mara chache sana. Tukipuliza, kitambaa chekundu kinasimama, na hakuna mkono unaogusa tuta hilo. Wakulima jirani walikuja kuangalia, wakacheka gauni la Bibi, kisha wakaenda kukata ya kwao. Ukipita upande wetu leo, utaona nyekundu na nyeupe kwenye kila bustani mpaka barabarani. Mkaguzi anakuja bila kutuarifu, anachukua majani popote anapotaka, na hatutetemeki.

Lakini siku nisiyoisahau ni ile tuliyorudi na toroli letu kwenye jiko la hospitali. Mpishi mkuu alitupokea kwa kicheko chake. Akainua jani moja mbele ya taa. Mwanga ulipita kwenye tundu.

"Manyunyu! Wewe na tundu? Leo pasi ilikuwa imezimika?"

Nilimtazama mume wangu. Zamani angeona aibu ya kufa. Sasa alivuta pumzi, akaweka kifua mbele.

"Hapo alipita mdudu," alisema. "Alikula, akashiba, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe." Akaonyesha kidole kwenye wodi za wagonjwa. "Na wao wataondoka hivyohivyo."