Kombe la Kifaransa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta, maana katika kisa hiki wajinga ni zaidi ya mmoja, na wengine watataka kunipokonya nafasi ya kwanza. Msiwape. Ni yangu.

Ilikuwa Septemba, wakati wa vita, ambavyo watu wa kwetu huviita krizi, utadhani ni mafua. Shule yetu ya Gashoho, mkoani Muyinga, ilikuwa imejaa familia zilizokimbia kutoka vilimani. Ubaoni walianika nguo, na madawati yalikwisha kuwa kuni. Mwaka mzima hatukusoma. Mwishowe baba, aliyeuza chumvi na sabuni sokoni, alinipakia kwenye basi lililosindikizwa na askari, nikaenda Gitega kuishi kwa dada yake, shangazi Salama.

Kazi za pale nilizizoea upesi. Baada ya swala ya alfajiri niliwasha mkaa, shangazi akakaanga mandazi, kisha mimi na binti yake Swabra tukabeba beseni hadi barabarani, mahali wanaposhuka watu wa Giheta. Swabra alikuwa wa rika langu, naye anaingia darasa la sita, ila ulimi wake ulinizidi umri. Jioni alipiga pasi sare yake huku akiimba, kwa furaha ya shule kufunguliwa. Mimi nilikunja kaptula yangu ya kaki kama mtu anayekunja sanda.

Sababu ilikuwa Bwana Cyprien, mwalimu wa darasa la sita. Alimwambia shangazi mbele yangu: "Mama, mutoto aliyekaa mwaka mzima na mbuzi, mi sijui ni wa darasa gani. Jumatatu atasimama mbele ya wenzake, atasoma kwa Kifaransa ile habari ya ng'ombe aliyepotea. Akishindwa, anakwenda darasa la nne. Voilà."

Darasa la nne! Watoto wale walinifikia kwenye mkanda. Nilikiona kichwa changu kikichomoza katikati yao kama nguzo ya ua. Usiku nilifungua kitabu, herufi zikacheza, nikakifunga.

Hapo ndipo alipojitokeza Zuberi, kijana wa jirani. Zuberi alikuwa ameanza kuota sharubu, na bado alikuwa anarudia darasa la sita, tena na tena, utadhani amelipanga.

Lazima mjue kwamba kwetu sisi Waislamu wa mjini, mgonjwa huandikiwa kombe. Mtu mcha Mungu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huiosha kwa maji safi, na mgonjwa huyanywa maji yale huku akiomba dua.

"We unaogopa nini?" Zuberi aliniuliza. "Mi nitakuandikia kombe."

"Siumwi."

"Kombe la Kifaransa! Ile habari ya ng'ombe naiandika yote kwa sahani, unakunywa, Jumatatu inatoka yenyewe kwa mdomo. Zafarani haiko, lakini wino iko."

Alinidai mandazi ya kifungua kinywa changu, nami nikampa na kumshukuru. Hata kitabu sikukigusa tena. Nani hufungua kitabu atakachokunywa?

Jumatatu asubuhi, nyuma ya nyumba, nilikunywa ng'ombe mzima pamoja na pembe zake. Alikuwa mchungu. Nilijifuta mdomo, nikaenda shule nikitembea kama mkaguzi.

"Uthmani wa Muyinga," Bwana Cyprien aliita. "Simama mbele. Soma."

Nilisimama. Nikapanua mdomo na kungoja Kifaransa kitoke. Kilichotoka ni ulimi, nao ulikuwa wa buluu.

Darasa zima lililipuka. "Yampaye inka!" alipiga kelele kwa mshangao msichana mwenye riboni wa dawati la mbele, Espérance. "Monsieur, amekula kalamu!"

"Hajala," alisema Swabra kwa uchungu. Alikuwa ameona sahani nyuma ya nyumba. "Amekunywa somo. Zuberi amemwandikia."

Zuberi, dawati la mwisho, alianza kuchunguza dari kwa makini sana. Mwalimu alinizunguka polepole, kama mnunuzi anayekagua mbuzi mwenye upele.

"Alors, ng'ombe yuko tumboni. Basi mwache alie, tumsikie."

Tumbo, kwa adabu zake zote, lilinguruma wakati huo huo. Nilikimbilia chooni huku vicheko vikinisindikiza hadi mlangoni. Niliporudi, Bwana Cyprien hakuwa akicheka.

"Ijumaa utasimama tena. Uje na mudomo mweupe na kichwa chenye kitu. Baada ya hapo, mi sina nafasi ya tatu."

Shangazi alipopata habari, alikuwa anakanda unga. Aliendelea kuukanda, kwa nguvu kidogo.

"Kombe huandikwa kwa zafarani na aya za Mwenyezi Mungu, kwa mgonjwa," alisema. "We umeandikiwa habari za ng'ombe, kwa sumu, na mtu ambaye hata kuswali anaswali akikumbushwa. Hiyo unaiita imani?"

"Niliogopa, shangazi."

"Kuogopa si kosa. Niambie, sura ya Yasini unaijua?"

"Naijua yote."

"Uliinywa?"

"Hapana. Maalim alitusomea aya, tukairudia mpaka ikakaa."

"Na risasi zikilia kule kilimani, mlinyamaza?"

Nilikumbuka baraza la maalim kule Gashoho, mikeka yetu, na vilima vikipiga kelele. "Hapana. Maalim alituambia tuongeze sauti."

Shangazi aliinua uso kutoka kwenye unga. "Kumbe! Risasi hazikukunyamazisha, sasa unanyamazishwa na mutoto wa kike mwenye riboni? Mungu yule yule aliyekuwa na we Gashoho, unadhani alishuka kwa basi njiani? Leta hicho kitabu."

Yeye Kifaransa hakukijua, wala hakujifanya anakijua. Alimketisha Swabra anisomee sentensi moja moja, na mimi nirudie kwa sauti, kama chuoni kwa maalim, mpaka ikae. Kila nilipokosea Swabra alisema, "Ng'ombe amekanyaga shimo, mrudishe," nami nikamrudisha. Nilisoma nikiwasha mkaa, nikasoma nikibeba beseni, hata abiria wa Giheta wakaanza kuniita Monsieur wa mandazi. Walinidharau. Lakini nilitambua kitu: dharau haichomi ukiwa na kazi mdomoni.

Ijumaa nilisimama mbele na woga wangu ule ule. Nilisema bismillah kimoyomoyo, nikaanza. Bila kujua, nilianza kuyumba mbele na nyuma kama tunavyoyumba chuoni tukisoma. Kicheko kikaanzia kwa Espérance.

"Monsieur, anapanda baiskeli!"

Niliongeza sauti. Ng'ombe akapotea, akatafutwa bondeni, akaonekana kwenye shamba la mtu. Maneno mawili niliyavunja, nikayarudia, nikaendelea. Nilipofika mwisho Espérance alikuwa anafuata kwa kidole kitabuni.

"Kifaransa chako kina tope la Muyinga," alisema Bwana Cyprien. "Lakini kinatembea. Kaa pale, karibu na dirisha. Darasa la sita." Kisha akawageukia wenzangu. "Na ninyi mliocheka, mumeona? Huyu anaogopa kuliko ninyi wote, na amesoma kuliko wengi wenu. Anayengoja woga uishe ndipo aanze kazi, atangoja mpaka azeeke."

Jioni Zuberi alikuja kibarazani kwetu kifua mbele. Nilisema wajinga ni zaidi ya mmoja.

"Shangazi, umeona kazi yangu? Kombe imefanya kazi!"

"Kazi gani?" Swabra alimrukia. "Jumatatu alikuwa bubu!"

"Dawa inachelewa. Jumatatu ilikuwa inashuka, Ijumaa ikapanda kwa kichwa."

"Alisoma wiki nzima!" Swabra alisema. "Mi ndiye nilimsomea, sauti yangu imekauka!"

"Alisoma, ndiyo, lakini ile maji ndiyo ilifungua njia. Bila maji hakuna kitu. Mi nasema kweli, elimu inaweza kuingia kwa kunywa."

Shangazi Salama alipindua andazi kwenye mafuta, akalitazama upande wa pili, kisha akamtazama Zuberi.

"Baba, kama elimu ingeingia kwa kunywa, vyura wote wa Mto Ruvyironza wangekuwa mawaziri."