Folda Iliyoachwa Wazi

Orest Hnatiuk alituma faili kumi, zikafika kumi na moja.

Akahesabu upya, maana si mtu wa kuiamini mashine. Kompyuta yake ya zamani, ya Windows, ilikuwa chini ya nyumba, kwenye chumba cha tanuri la kupasha nyumba joto. Ya bintiye Daria, ya Linux, ilikuwa juu jikoni. Faili zenyewe zilikuwa sauti ya marehemu mkewe, Slavka: hadithi sitini na moja alizomrekodia mjukuu wao Larysa kabla kifua hakijamshinda. Katika ile ya kwanza anakatiza simulizi, anacheka, anaita, "Hnatiuk, niletee chai." Larysa aliijua kwa moyo. Sasa diski iliyozihifadhi ilikuwa imeanza kugonga kama kucha mezani. Ikifa, Slavka amekufa mara ya pili.

Asubuhi nzima kompyuta zile zilikataana. Unaandika nywila, inakataliwa, unarudia, inakataliwa. Hasira zikampanda Orest, akaondoa nywila na kumruhusu yeyote ajaye kusoma na kuandika ndani ya folda. Daria alimwonya kwamba huko ni kulala mlango wazi. Akajibiwa kwamba mji mzima wa Dauphin umefukiwa na theluji, nani atakuja?

Niseme wazi, mimi simfuniki mtu: kosa lilikuwa lake, tena la pili. Wiki iliyopita, baada ya sikukuu ya Yordani, ya ubatizo wa Bwana, Padri Zenon alipita nyumba kwa nyumba akinyunyiza maji ya baraka kila chumba. Alipofika ngazi za kwenda chini, Orest akamzuia, eti maji na umeme havipatani. Nyumba ikabarikiwa juu tu.

Ile faili ya ziada haikuwa na jina. Daria akaifungua, akasikiliza, kisha akaja hadi mwanzo wa ngazi.

"Baba," alinong'ona, "ni wewe. Unakohoa. Ni sasa hivi."

Kompyuta ya chini haikuwa na maikrofoni, na kinasa sauti cha Slavka kilikuwa kwenye droo, kimefungwa ndani ya soksi.

Wangeacha hapo, lakini diski ilikuwa inakata roho, kwa hiyo waliendelea. Zilipofika arobaini na saba tanuri likazimika lenyewe, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni, udongo uleule wa Oktoba waliomfukia nao Slavka, ikamwingia Orest puani na kooni, na diski ikaacha kugonga ikaanza kupumua, taratibu, kama mtu aliyelala nyuma ya mgongo wako na wewe unajua kitanda ni cha mtu mmoja, mpaka spika zilizokuwa zimezimwa zikasema kwa sauti ya mkewe:

"Usifunge. Zimebaki kumi na nne. Ukinifungia, naondoka nazo."

Orest alisogeza kiti karibu na spika. Alizitaka zile kumi na nne kuliko pumzi yake.

"Kama ni wewe," akasema, "niite."

"Orest. Orest wangu."

Hapo akajua. Miaka arobaini na miwili Slavka alimwita Hnatiuk tu, kamwe si Orest, kanisani na kitandani, kama karani wa reli anayeita abiria.

"Wewe si mke wangu," akasema, akang'oa waya ukutani.

Daria alimpigia simu padri. Alipofika aliuliza kama leo ataruhusiwa kushuka.

"Mwaga, Padri," Orest alisema. "Mwaga hata kwenye plagi."

Maji yalipoigusa, mashine ilichemka, ikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, ikafa na zile kumi na nne. Harufu ikaondoka. Tanuri likawaka.

Baada ya chakula Larysa alipanda kwenye mapaja ya babu yake jikoni, akachagua hadithi ya kwanza kwenye kompyuta ya Daria. Wote watatu waliinama karibu. Sauti ya Slavka ilikuja safi, yenye joto, hata Daria akashika mkono wa baba yake. Ikafika palepale. Ikasimama, ikacheka kidogo.

"Orest," ikasema, "niletee chai."

Orest akafungua ya pili, ya tano, ya ishirini. Larysa aliinua uso.

"Babu," akasema, "mbona huyu Bibi anakuita wewe kila hadithi?"