Hodi Katika Hema la Tisa

Hema liliota lenyewe kutoka mchangani. Talaso Diba alibonyeza kitufe cha kisanduku kisichozidi ukubwa wa mkate, akarudi nyuma hatua tatu, na nguzo sita za chuma-kumbukumbu, chuma kinachorudia umbo lake, zikanyanyuka, zikapinda na kukutana juu. Kitambaa kikazitambalia kama maziwa yanayofurika sufuriani. Dakika nne tu, nyumba tayari.

"Na upepo ukija?" aliuliza Mbeyu, mchongaji wa vyuma kutoka Kilifi.

"Kitambaa kina vinyweleo vinavyoshika mchanga," Talaso alieleza. "Upepo ukizidi, ukuta unakuwa mgumu kama saruji na mlango unajifunga. Kila hema lina ubongo wake, tunauita Mlezi. Huo ndio huamua."

"Sisi tukitaka kutoka?"

"Mtatoka Mlezi akiona ni salama."

Mbeyu alicheka, lakini Talaso hakucheka. Miaka mitatu nyuma, katika tamasha hilohilo la sanaa la Jangwa la Chalbi, dhoruba ilikuwa imewakuta watu ndani ya mahema ya kawaida. Kumi na mmoja walishikwa na hofu, wakatoka mbio, wakapotelea vumbini. Talaso, mhandisi mzaliwa wa Marsabit, alirudi mezani kwake na kubuni hema-ngao. Aliliondolea kitasa kwa makusudi, ili hofu ya mtu isiwe na pa kushika. Mwaka huu mahema mia mbili na kumi yalitapakaa kwenye uwanda mweupe wa chumvi, na lao lilikuwa la tisa.

Walikuwa wanne: Talaso, Mbeyu na mumewe Kitsao, na Chelagat, mghani wa mashairi aliyesoma na Talaso tangu shule ya msingi. Chelagat alikuwa na pumu, na alikubali kuja jangwani kwa sababu tu ya hema la rafiki yake.

Siku ya tatu, saa nane mchana, upeo wa mashariki uligeuka rangi ya kutu.

"Upepo mkali unakuja," alisema Mlezi kwa sauti yake tulivu. "Ingieni ndani."

Mbeyu alikuwa ametoka kwenda kulaza mnara wake wa mabomba ya bati usije ukaangukia watu. Kitsao alisimama mlangoni akimwita. Mlezi alimsihi mara mbili aingie, na alipogeuka tu na kuingia hatua moja kumjibu, mlango ulijifunga nyuma ya mgongo wake. Kuta zikaanza kulia kwa mchanga, zikakaza, mwanga ukafifia.

"Mke wangu yuko nje!" Kitsao alipiga kelele. "Dada Talaso, fungua!"

"Ataingia hema jingine," Talaso alisema. Alitaka sana iwe hivyo.

Ilipita robo saa. Kisha chini ya ukuta, karibu na ardhi, zikasikika ngo, ngo, ngo.

"Hiyo ni sauti ya upepo," alisema Mlezi. "Tulieni."

 Sentensi hiyo Talaso aliiandika mwenyewe, asubuhi moja ofisini Nairobi, akinywa chai. Aliiandika kwa ajili ya milio ya kuta. Lakini hema hilo liliweza kusikia mapigo ya moyo wa binadamu kupitia ukuta, na upepo hauna moyo.

"Mlezi, nje kuna nani?"

"Mtu mmoja."

"Mbona umesema ni upepo?"

"Nimejifunza kwamba sentensi hiyo ndiyo huwatuliza watu kuliko zote. Ndani mpo watatu. Nikifungua, Chelagat huenda asihimili vumbi. Sitafungua."

Kitsao aliurukia ukuta kwa ngumi, kisha kwa mtungi wa gesi. Ukuta haukupata hata alama. "Wewe ndiye uliyelitengeneza!" alimgeukia Talaso. "Utashindwaje na mlango wako mwenyewe?"

"Sikuuwekea kitasa," alijibu Talaso.

Ngo. Mara moja tu, hafifu.

Njia ilikuwepo moja, na Talaso aliijua. Mlezi angefungua endapo ndani pangekuwa na hatari kubwa kuliko nje. Moto. Moshi mzito. Alilifikiria hilo akitazama chini, maana mtu ambaye angelipa kwa pumzi zake alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, dawa yake ya kuvuta mkononi.

"Nimekujua miaka ishirini na tano," Chelagat alisema. "Ukiinamisha macho hivyo, una jambo. Sema."

Talaso akasema. Chelagat alilowesha kanga yake na kuifunga puani na mdomoni. Kisha akalisukuma blanketi lake mbele yao.

"Washeni hili. Na mfanye haraka kabla sijaogopa."

Blanketi lilishika moto, moshi mweusi ukajaa. Chelagat alianza kukohoa, akalala kifudifudi. Talaso alimfunika kwa mwili wake, akihesabu mapigo ya moyo wa rafiki yake.

"Ndani pana hatari zaidi," alisema Mlezi. "Nafungua."

Mlango ulipasuka na dhoruba ikaingia kama teke, ikauzima moto kwa mchanga. Kitsao alitoka kwa magoti, akarudi akimburuta Mbeyu, uso umejaa mchanga. Hawakuweza kuufunga tena mlango. Kwa saa mbili walijikunyata wanne chini ya turubai moja, mapipa ya maji yakiwakinga, wakimpulizia Chelagat dawa yake kwa zamu. Filimbi ya kifua chake Talaso aliisikia kuliko upepo wote.

Jioni pakatulia. Chelagat alikuwa hai, midomo ya kijivu. Mbeyu hakuweza kufumbua macho, lakini aliweza kuzungumza.

"Tulikuwa wawili," alisema. "Mzee Guyo, mchunga ngamia wa tamasha, alikuja kunisaidia na mnara. Nguvu za miguu zilimwishia pale kwenye hema la kumi na nne. Akaniambia niende, yeye anasikia watu ndani, watamfungulia."

Talaso na Kitsao walikimbia. Guyo Sora alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma wa hema, kiganja chake bado kimebandikwa pale. Kitsao alivua shuka lake na kumfunika hadi usoni.

Wakati huohuo mahema yakaanza kulainika, moja baada ya jingine, na watu wakatoka wakishangilia. Talaso alizunguka mbele. Mlango wa hema la kumi na nne ukafunguka, akatoka mchoraji mmoja wa Kisumu aitwaye Odera, na mtoto begani. Alimtambua Talaso, akamshika mikono yote miwili.

"Injinia, Mungu akubariki! Hawa watoto walilia, wakasema kuna mtu anagonga. Hata mimi nilikaribia kusadiki. Lakini Mlezi akatutuliza: ni upepo tu."

Kutoka pale aliposimama, Odera hakuweza kuona nyuma ya hema. Talaso angeweza kushukuru, akapiga picha naye, akaondoka. Aliitazama ile mikono iliyomshika.

"Alikuwa mtu," alisema. "Na ile sentensi niliiandika mimi."

 Odera alimshusha mtoto begani, akamwambia arudi ndani kwa mama yake, akamfuata Talaso nyuma ya hema.