Meno Hayachemshwi Kama Shuka

Mama yangu alikuwa dobi. Nyumba ya kufulia haikuwa na dirisha hata moja. Mvuke ulitanda toka asubuhi, shuka nyeupe zilielea kwenye kamba, na wanawake walipita katikati yake kama watu wa ndotoni. Mwezi mmoja wawili wao walizimia. Wenzake wakamchagua Mama aende Ijumaa kumwambia mwenye kazi atoboe madirisha.

Mama alikuwa akivaa meno ya bandia. Jumatatu alitaka yang'ae kwa ajili ya Ijumaa ile. Akayatumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maana dobi haamini kitu kimetakata kabla hakijachemka.

Kwa macho yalibaki yaleyale. Kinywani yalicheza. Kila alipofungua mdomo yalidondoka. Shangazi akamtania kwamba akimkemea mwenye kazi, meno yatatangulia kumrukia. Mama hakucheka. Alisema atafutwe msemaji mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Jirani yetu alikuwa fundi wa meno, vidole vyake vyeupe kila jioni kwa plasta ya kufinyangia kalibu. Mama alimpelekea meno yakiwa kwenye leso. Fundi akayageuza kwenye mwanga, taratibu.

"Dada, umeyachemsha."

"Nimeyatakasa."

"Hii ni plastiki. Tunaibana ndani ya plasta, tunaipika polepole, inapoa na umbo lake. Ukiichemsha tena, hakuna kinachoibana. Inajikunja kidogo tu, kama unene wa unywele. Lakini fizi inaujua unywele."

Mama akakiri kwamba siku nyingine huyasugua kwa mchanga. Fundi akaguna. Alieleza kuwa mchanga huyakwaruza, na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Atumie brashi laini, sabuni na maji ya baridi. Ayaoshee juu ya beseni lenye maji, kwa sababu ni magumu lakini mepesi kuvunjika, yakianguka sakafuni yanapasuka. Akilala ayavue, yalale majini, maana yakikauka hupoteza umbo.

Mama akauliza:

"Siku niliyopewa meno haya, mbona hakuna aliyeniambia?"

Fundi akainamisha kichwa. Alisema foleni pale kliniki kwao ilikuwa ndefu.

Mimi sijasahau jibu lile. Walimpa mwanamke meno, maneno ya kuyatunza wakabaki nayo wenyewe. Yangechukua dakika mbili.

Kesho yake Fundi alimpeleka kliniki anakofanya kazi. Daktari alichukua upya alama ya fizi, na Fundi akakesha na plasta yake. Alhamisi Mama alivaa meno mapya. Yalitulia.

Ijumaa alisimama mbele ya mwenye kazi, akasema mpaka mwisho bila kuziba mdomo kwa mkono. Aliwataja wale wawili waliozimia, na siku walizozimia. Mwezi uliofuata ukuta ulitobolewa. Mvuke ukatoka nje pole pole, na kwa mara ya kwanza niliona nyuso za wanawake wote kwa pamoja.

Tangu hapo, kila Jumamosi Mama alikwenda kliniki na beseni lake. Alikaa karibu na mlango, akawaonyesha waliotoka na meno mapya namna ya kuyaosha. Siku moja karani alimwambia anazuia njia, aondoke.

"Nitaondoka," Mama akamjibu, "ukikaa hapa wewe uwaambie."

Karani alimletea kiti.