Jibu la Adabu la Ghala la Sauti

Ghala la Sauti la Tabora lilijengwa chini ya ardhi, na ukipita juu yake soli za viatu zilipata joto, kwa jinsi seva ile ilivyokuwa ikimeza maneno ya mji mzima. Kila nyumba ilikuwa na kisemeo, kidude cha ukubwa wa kopo la majani ya chai, kazi yake kuchukua sauti ya mtu na kuipeleka ghalani ihifadhiwe. Mtu akifa, siku ya arobaini jamaa walikaa wakamsikiliza. Wapo wanaoapa kwamba marehemu mmoja wa mtaa wa Cheyo alizungumza mpaka wageni wakala mara mbili, na bado alikuwa kwenye habari za ujana wake.

Kabla ya kuweka neno lolote, kisemeo kililiuliza Ghala swali moja: sekta yako, yaani kile kisehemu cha diski kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja, ina ukubwa gani? Kikijibiwa, kilikata maneno kwa kipimo hicho na kuyatuma. Hapo ndipo ulipokaa uongo. Diski mpya za Ghala zilikuwa na sekta kubwa, tuseme kila moja ndoo. Visemeo vya zamani, ambavyo ndivyo vilivyojaa mitaani, vilijua vikombe tu. Vikisikia ndoo, vinagoma na kuzima taa.

Basi Mhandisi Nyamizi Kasanda akalifundisha Ghala kujibu kwa adabu kwamba sekta yake ni kikombe. Kikombe kikija, Ghala liliinua ndoo nzima, likaongeza kikombe, likairudisha mahali pake. Kisemeo hakikujua lolote. Mji ukampigia makofi Nyamizi, akapewa na ngao ya kioo.

Baba yake, Mzee Kasanda, alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Hakuwa mtu wa maneno. Sauti yake yote aliyoiacha iliingia kwenye ndoo moja na nafasi ikabaki. Nyamizi hakuwa ameisikiliza. Mama yake alimwambia kwamba wiki za mwisho mzee alikuwa akijifungia na kisemeo na kumtaja yeye, tena kwa kumsifu, jambo ambalo baba mtu hakuwahi kulifanya ana kwa ana. Nyamizi akaamua kuingoja arobaini kama watu wengine.

Jioni ya kuamkia siku hiyo akaja Mzee Pazi, Mzaramo, mtani wa marehemu tangu walipokuwa wakichomelea mabehewa ya treni za angani. Siku ya mazishi alikuwa amekalia udongo wa kaburi, akakataa kuinuka mpaka apewe kuku. Sasa alikuja na kisemeo chake kikuukuu kilichofungwa mpira wa baiskeli, akataka kuacha utani wake mwishoni mwa maneno ya marehemu, kesho watu wapate kucheka. Hakuna aliyemzuia. Mtani msibani hazuiliwi.

"We Mnyamwezi," akakiambia kisemeo, "ulitubania maneno ukiwa hai, na huko nako unatubania? Sogea, nikumalizie."

Ghala likainua ndoo ya Kasanda. Umeme wake ulitoka kwenye Ungo, kioo kikubwa kilichoning'inia angani kukusanya jua, na wakati uleule meli iliyobeba mbaazi kwenda Mirihi ikapita mbele yake. Taa zilipepesa kama jicho lililoingia vumbi. Ndoo ilikuwa bado hewani.

Siku ya arobaini, mahali pa sauti ya mzee pakatoka mlio wa mchele unaopepetwa. Nyamizi alielewa kabla mama yake hajauliza: umeme ulikatika ndoo ikiwa hewani, na yote yaliyokuwamo yakamwagika. Hata hivyo alishuka ghalani kutafuta nakala. Zilikuwepo, na zote zilikuwa zimenakili uharibifu uleule kwa uaminifu mkubwa.

Aliporudi, Pazi alikuwa amejitenga ukumbini, kofia mkononi.

"Mwanangu, nimemuua mara ya pili?"

"Hapana, baba. Wewe umeweka kikombe. Ghala ndilo lililokwambia kikombe hakitagusa kingine, na aliyelifundisha kusema hivyo ni mimi."

Mzee akauliza kwa nini basi lisifundishwe kusema kweli. Nyamizi akamweleza kwamba siku litakaposema kweli, kisemeo chake yeye Pazi kitazima, na cha mama yake Nyamizi mwenyewe, na vya nusu ya mji, watu wasio na kingine.

"Kwa hiyo kesho litamwambia mwingine vilevile."

"Litamwambia."

Wageni walikuwa wamekaa, wanangoja kitu. Pazi akavaa koti la marehemu, kama watani wafanyavyo, akapita katikati ya mkeka amekakamaa, bega moja juu, akakohoa. Wanawake wakaanza kucheka.

"Nani kaacha mlango wazi?" akanguruma.

Mama akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema ndiye huyohuyo, hajapungua kitu. Nyamizi hakuwa na hakika. Sauti ya baba ilikuwa nzito kidogo kuliko hiyo, au labda haikuwa. Na kile kikohozi, kilitangulia neno au kilifuata? Akamwomba Pazi arudie. Pazi akarudia, safari hii kwa namna nyingine, na watu wakacheka vilevile. Nyamizi akafumba macho kuitafuta ile ya kweli, na ikamjia na lafudhi ya Kizaramo.